Timu ya Chuo Ni ya Nani?

Mzazi anapolipia mtoto wake chuoni, mara nyingi hupewa karatasi yenye mafungu: mafunzo, chakula, malazi, maktaba, matibabu, na mwishoni michezo. Wengi wetu hatulitazami fungu hilo la mwisho mara mbili. Ni dogo, na tena nani asiyependa vijana wacheze? Lakini ndani yake limo swali la haki. Sisi tuliotumia miaka yetu katika vyuo vya ualimu tulilisikia likiulizwa bwenini usiku mara nyingi kuliko katika vikao vya wakubwa. Fedha hii imetolewa na wote. Mbona wanaosafiri, wanaovaa jezi mpya na kula nyama njiani ni watu kumi na wanane?

Tumeona vema kulitafakari swali hilo kwa kutazama mahali lilipokua hata likawa jambo la kufa na kupona, yaani katika vyuo vidogo vya Marekani. Hatuendi mbali hivyo bila sababu. Vyuo kadhaa kati ya hivyo viliasisiwa na maaskofu na makasisi wa Kanisa la Episkopali, ambao ni ndugu zetu katika Ushirika wa Kianglikana. Na sisi huku tunavyo sasa vyuo vikuu vya Kanisa, kama kile cha Mukono kilichozaliwa mwaka 1997 kutokana na Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, na kile cha Mtakatifu Yohana cha Dodoma kilichoanza mwaka 2007. Yaliyowapata wenzetu yaweza kutupata.

Kwanza yafaa tueleze mambo yalivyo kule, maana si kama kwetu. Kwetu mwanafunzi hucheza baada ya masomo, na kocha mara nyingi ni mwalimu wa jiografia aliyejitolea na filimbi yake. Kule chuo chenyewe huajiri makocha, hujenga viwanja, na hutuma watu kuzunguka katika shule za sekondari kutafuta wachezaji. Vyuo vikuu vikubwa vina viwanja vinavyoketisha watu zaidi ya laki moja, na makampuni ya televisheni huvilipa fedha nyingi sana. Tangu mwaka 2025, kwa mapatano yaliyopitishwa mahakamani, vyuo hivyo vyaweza hata kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Hiyo ni biashara, na wenyewe hawaifichi. Tuwaache nayo.

Habari yetu ni ya chuo kidogo chenye wanafunzi elfu moja au mbili. Hapo hakuna televisheni inayolipa. Majukwaani wako wazazi, marafiki na mbwa wa jirani, na fedha ya kiingilio haitoshi kununua mafuta ya basi. Tangu mwaka 1973 vyuo vingi vya namna hii vimewekwa katika kundi linaloitwa Daraja la Tatu. Leo vimezidi 400, na sharti lao kuu ni kwamba hakuna mwanafunzi atakayepewa msaada wa masomo kwa sababu ya uwezo wake wa michezo. Mtu asiyejua atasema, kumbe hapo michezo ni safi, haina fedha ndani yake. La hasha. Fedha imo, ila imeingia kwa mlango wa nyuma, nao ni mlango wa ada.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Chuo kina wanafunzi 1,200. Ada iliyotangazwa ni dola 40,000 kwa mwaka, lakini ni wachache wanaoilipa yote, kwa kuwa chuo husamehe sehemu ili kuwavuta wanafunzi. Tuseme kila mmoja hulipa dola 16,000 kwa wastani. Wakuu wanaamua kuanzisha timu ya mpira wa Kimarekani. Kocha anaajiriwa, naye anaambiwa alete vijana 90. Akifaulu, vijana hao wanaleta dola 1,440,000. Makocha, kofia za chuma, bima, safari na matunzo ya kiwanja vinakula dola 900,000. Zinabaki 540,000, na baraza linapiga makofi. Lakini ngojeni kidogo. Vijana wale nao wanahitaji walimu, vitanda na chakula. Tena kama 30 kati yao wangekuja hata pasipo timu, basi timu imeleta watu 60 tu, yaani dola 960,000, na faida yote imebaki dola 60,000 kabla hujanunua hata chaki. Mwalimu wa hesabu atawaambia kwamba kila kitu hapo kinategemea ile namba 30, na hakuna njia ya kuijua kwa hakika. Ndiyo maana wahasibu wawili waaminifu waweza kukitazama chuo kimoja, mmoja akasema michezo inakilisha, na mwenzake akasema inakila.

Basi katika chuo cha namna hiyo kocha amekuwa mwinjilisti wa ada. Hapa ndipo swali linapoacha kuwa la wahasibu likawa la dhamiri. Kijana wa miaka kumi na saba anatembelewa nyumbani na mtu mzima mwenye kofia ya chuo, anayemwambia mbele ya mama yake, tunakuhitaji. Neno hilo ni tamu mno katika umri ule. Haambiwi kwamba wameitwa vijana 90 na kwamba wanaoingia uwanjani kwa wakati mmoja ni 11. Wala haambiwi kwamba anayehitajiwa zaidi ni yule atakayesaini mkopo wa ada. Je, amedanganywa? Kila neno aliloambiwa ni kweli. Sisi twaona kwamba mtu aweza kudanganywa kwa maneno ya kweli yaliyochaguliwa, na kwamba kumwita mtoto wa mtu kwa jambo moja huku umemhesabu kwa jambo jingine ni kumfanya chambo na samaki kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuchunguza mno. Kijana amepata mchezo aupendao, chuo kimepata ada, na mwisho wa yote ana shahada mkononi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuitupi. Lakini tazameni historia ya chuo kimoja cha ndugu zetu.

Chuo Kikuu cha Kusini, kinachojulikana zaidi kwa jina la mahali kilipo, Sewanee, katika milima ya Tennessee, kiliasisiwa mwaka 1857 na maaskofu wa majimbo ya kusini. Tuseme kweli yote: miongoni mwa waasisi hao walikuwamo wenye watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, chuo kilikuwa bado ni ardhi na ndoto. Askofu Quintard alikwenda Uingereza mwaka 1867, wakati wa Mkutano wa kwanza wa Lambeth, akawaomba Waanglikana wa huko fedha, na mwaka 1868 masomo yakaanza. Hivyo ni chuo kilichojengwa kwa sadaka za watu wa mbali, kama vilivyo vyetu vingi.

Mwaka 1899 timu yake ya mpira wa Kimarekani ilifanya jambo linalosimuliwa hata leo. Kuanzia tarehe 9 hadi 14 Novemba vijana wale walisafiri kwa gari la moshi, safari nzima ikiwa kama kilometa 4,000, wakacheza na vyuo vitano katika siku sita: Austin, Houston, New Orleans, Baton Rouge na Memphis. Walishinda mahali pote, wala hawakufungwa hata pointi moja. Siku ya katikati, tarehe 12, walipumzika kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Msimu ulipokwisha walikuwa wamecheza michezo 12 na kushinda yote.

Watu husimulia ushujaa. Wachache husimulia sababu. Sewanee ilikuwa imegombana na jirani yake Vanderbilt juu ya mgawanyo wa fedha za kiingilio, mchezo wao wa kila mwaka ukavunjika, na mwanafunzi aliyekuwa msimamizi wa timu, Luke Lea, ikambidi atafute mapato kwingine. Wale mashujaa walikuwa wakifukuzia hesabu iliyopungua. Twalitaja jambo hili kwa sababu watu wa umri wetu hupenda kusema kwamba zamani michezo ilikuwa michezo tu, na fedha imeingia juzi. Si kweli. Fedha ilikuwa ndani ya lile gari la moshi.

Mwaka 1932 Sewanee ilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, pamoja na Alabama, Georgia na wengine wakubwa. Wenzake waliendelea kukua, nacho kikabaki kidogo. Kilicheza michezo 37 ya mpira katika ligi hiyo, kikashindwa yote 37. Mkuu wa chuo, Alexander Guerry, aliyeshika kazi mwaka 1938, aliacha kuwapa wachezaji misaada ya masomo kwa ajili ya mchezo, na mwaka 1940 akakitoa chuo katika ligi. Leo ligi ile ni mojawapo ya zile tajiri kupita zote Marekani.

Kwa macho ya mfanyabiashara, Guerry alitupa almasi jalalani. Wengine nao humsifu kana kwamba alikuwa nabii. Sisi twamsifu kwa kiasi. Mtu aliyeshindwa mara 37 hahitaji wito wa mbinguni ili aondoke. Ni rahisi kuacha pombe mfuko ukiwa mtupu. Tunalolistahi zaidi ni kwamba hakufunga michezo. Vijana wa Sewanee wanacheza hata leo, katika Daraja la Tatu, na chuo kinahesabu mchezo kama kinavyohesabu kwaya na maktaba, yaani ni gharama ya malezi. Gharama ya malezi hailazimiki kuleta faida. Inalazimika kujulikana.

Lakini twapaswa kusema jingine upesi. Sewanee ina ardhi ya eka kama 13,000 na akiba kubwa ya fedha. Mwenye ghala ni rahisi kwake kufunga. Upande wa pili wa milima ile, katika mji wa Lawrenceville, Virginia, palikuwa na chuo kingine cha Kanisa lile lile, kikiitwa cha Mtakatifu Paulo. Kiliasisiwa mwaka 1888 na James Solomon Russell, kasisi mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1857, mwaka ule ule maaskofu walipoanzisha Sewanee. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa maskini. Fedha zilipopungua, mwaka 2011 chuo kilifuta michezo yote ya mashindano ili kuokoa matumizi. Kama kufuta michezo kungekuwa dawa, chuo kile kingepona. Mwaka 2012 kilinyang'anywa ithibati, na mwaka 2013 kikafungwa. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba uchaji wa Mungu ni kuuza mipira na kununua vitabu, na watazame Lawrenceville. Chuo kilichopoteza timu zake kilipoteza pia baadhi ya sababu za kijana kukichagua.

Tena si kwamba kuanzisha michezo ni dawa. Ndugu zetu Wamethodisti walikuwa na chuo huko Alabama kiitwacho Birmingham-Southern. Mwaka 2006 wadhamini wake waliamua kushuka kutoka daraja la juu, mahali ambapo wachezaji hupewa misaada ya masomo, na mwaka uliofuata wakarudisha mpira wa Kimarekani uliokuwa umeachwa kwa miongo mingi, kwa tumaini la wanafunzi wengi zaidi wenye kulipa. Ile ni hesabu yetu ya vijana 90, karibu vile vile. Hatusemi mpira ndio uliokiua. Kulikuwa na madeni ya majengo, na akiba ilikuwa ikiliwa mwaka hata mwaka. Tarehe 31 Mei 2024 chuo kilifungwa. Siku hiyo hiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Ohio, ikicheza katika mashindano ya mwisho ya taifa ya Daraja la Tatu. Vijana walivaa jina la chuo ambacho hakikuwapo tena. Walicheza mpaka walipotolewa, tarehe 2 Juni, wakaenda nyumbani kutafuta vyuo vingine.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anataja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Kwa kawaida tunalihubiri fungu hilo kwa wanaotaka kumfuata Kristo, na ni sawa. Lakini lasema pia juu ya minara. Wadhamini wa vyuo wana wajibu wa kuketi, na kinachowashinda si kuhesabu bali kuketi, kwa sababu kelele za uwanjani haziwaachi.

Sasa turudi kwa wale kumi na wanane na jezi zao. Mwaka 2012 chuo cha wanawake cha Spelman, huko Atlanta, kilichoanzishwa mwaka 1881 kwa ajili ya mabinti weusi, kilitangaza kwamba kitaacha mashindano ya vyuo. Mkuu wake, Beverly Daniel Tatum, alitazama hesabu, akaona kwamba karibu dola milioni moja kwa mwaka zinatumika kwa wanamichezo kama 80, na chuo kina wanafunzi 2,100. Aliona pia kwamba wanawake weusi wanasumbuliwa na kisukari na magonjwa ya moyo wakiwa bado vijana. Basi fedha ile ikahamishiwa katika mazoezi ya wote: kutembea, kuogelea, madarasa ya viungo, mafunzo ya chakula bora. Wale 80 walihuzunika, na huzuni yao ilikuwa ya haki. Waliahidiwa timu.

Sisi twaona Tatum aliuliza swali lililo sawa kuliko wote tuliowataja. Hakuuliza kama michezo inaleta faida. Aliuliza ni ya nani. Mwili wa binti asiyejua kukimbia nao ni hekalu, na yeye ndiye anayehitaji kiwanja kuliko bingwa. Hapa vyuo vyetu visijivune. Tumeona chuo ambacho wasichana wa netiboli walivaa jezi zilizoachwa na wavulana, zikiwafika magotini, na fungu la michezo lilikuwa limekatwa kwa wote sawasawa. Mkono uliopokea ada ya binti ulikuwa haujui kumnunulia hata mpira.

Na je, yule bingwa, asipewe kitu? Hapana, hatusemi hivyo. Kuna kipawa, na kipawa ni cha kutunzwa. Kule Ohio kuna chuo kiitwacho Kenyon (kwa heshima ya Lord Kenyon wa Uingereza; si nchi ya jirani), ambacho Askofu Philander Chase alikianzisha mwaka 1824. Timu yake ya wanaume ya kuogelea ilitwaa ubingwa wa Daraja la Tatu mara 31 mfululizo, tangu 1980 hadi 2010, wala hakuna mwogeleaji hata mmoja aliyepewa fedha kwa sababu ya kuogelea. Mwaka 2011 wakashindwa kwa pointi moja. Walikuwa wanafunzi waliokuwa waogeleaji, na mtihani wa kemia haukuwajali.

Wengine wamepewa msaada kwa miguu yao, na jambo likawa la heri. Mike Boit wa Kenya, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma katika chuo kikuu cha mji mdogo wa Portales, New Mexico. Waliomwita walitaka mbio, na mbio wakazipata. Lakini hawakumrudisha nyumbani na mbio tu, maana baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Chuo kilidai na kikalipa. Hilo ndilo tunalolitaka tunaposema mapatano ya haki: siku kijana atakapovunjika goti, awe bado ana mwalimu anayejua jina lake na darasa linalomngoja. Chuo kisichoweza kumwahidi mama hilo sebuleni, na kuliandika, kisimtume kocha.

Wapo wazee wa kanisa wanaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na kwamba kazi ya mwamini ni kutoa sadaka na kuomba. Twasema kwa upole kwamba uwakili ni pamoja na kuuliza. Vyuo vyetu vina mabaraza, na mabaraza yana wajumbe waliotoka katika mitaa yetu. Si lazima mjumbe ajue tofauti ya besiboli na kriketi. Yamtosha kuomba kwamba fungu la michezo lisomwe peke yake, si ndani ya "mengineyo". Aulize ni wanafunzi wangapi waligusa mpira, kiwanja au bwawa mwaka ule, wavulana wangapi na wasichana wangapi. Na kama chuo kinawaita wachezaji kwa ahadi, aulize wangapi kati ya walioitwa miaka minne iliyopita wamemaliza masomo. Majibu yatachukua dakika kumi. Kama mhasibu atasema hana namba hizo, na aambiwe azilete kikao kijacho, na katibu aandike.